Jinsi ya kuulizia makato na gharama za ziada kwa Kifaransa kabla hela haijatoka mkononi (mwongozo kamili)

Mara ya kwanza naenda Lubumbashi, Congo, na hela ya kueleweka nilikuwa nimejifunza sentensi moja tu ya kujilinda, "il y a des frais ?", yani kuna makato? Nikaingia agence moja ya kutuma hela, nina dola 2,000 nazirusha Dar, nikaitoa sentensi yangu kwa mbwembwe zote. Kijana wa dirishani akanijibu "non papa, pas de frais". Nikahesabu nikampa. Akahesabu na yeye, akaniangalia, akasema bado 60. Sitini ya nini tena, si umesema hakuna frais? Akatabasamu, "mais papa, ça c'est pas les frais, c'est la commission". Asilimia 3 hiyo. Foleni yote nyuma yangu ikacheka na mi nikatoa 60 kwasababu nilikuwa na haraka na mzigo unasubiri.

Imenichukua muda kukubali kwamba yule dogo hakunidanganya. Nimemuuliza frais akanijibu kuhusu frais. Kwao makato yana majina mengi na kila jina lina kabati lake, ukiulizia kabati moja unajibiwa la hilo moja. Sasa toka Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na benki ya CRDB kufungua Lubumbashi 2023, watu wengi wa Kariakoo, Tunduma na Kigoma tunafanya biashara na watu ambao dukani mnaongea nao Kiswahili vizuri kabisa lakini karatasi ikitoka imeandikwa Kifaransa. Hapo kwenye karatasi ndo tunapopigwa. Kwahiyo nimekaa nikaandika yote ninayotumia mimi, kuanzia matamshi mpaka meseji ya kukopi na kutuma.

HATUA YA 1: Matamshi, usiogope

Nitaandika sentensi alafu pembeni matamshi kwa herufi zetu. Kanuni chache tu. Herufi za mwisho wa neno mara nyingi hazitamkwi, kwahiyo "frais" ni fre, "compris" ni kong'pri. Nikiandika ng' usiitamke yote, ipeleke puani tu iishie huko. Nikiandika zh ni kama z iliyolala, ile ya "bonjour". R yao ya Ufaransa inatokea kooni, karibu na gh ya "ghali", watu wa pwani mmeshapata bure, ila Congo na Burundi wengi wanaitamka kama sisi kwahiyo usijitese. Na ile u yao (kwenye "plus", "reçu") sema i huku midomo umeikunja kama unapiga mluzi. Ukishindwa sema i, utaeleweka.

Kuna mtego mmoja wa matamshi ambao ni wa hela moja kwa moja. Neno "plus". Mtu akisema "y a plus de frais" bila kutamka s mwishoni (pli) anamaanisha hakuna tena makato. Akiitamka s (plis) anamaanisha kuna makato zaidi. Sentensi moja, s moja, maana zimegeuka. Ukisikia hilo neno usiitikie kwa kichwa, rudisha swali: "donc je paie encore ou c'est fini ?" (dong' zhe pey ang'kor u se fini), yani bado nalipa au ndo imeisha?

HATUA YA 2: Salamu kwanza, hela baadaye

Kwa Mfaransa na kwa Mcongo, kumrukia mtu na swali la hela bila "bonjour" ni kumdharau na utajibiwa mkato. Sema "bonjour monsieur" au "bonjour madame", Congo "bonjour papa" na "bonjour maman" inakubalika hata kwa mtu mdogo kwako, ni heshima. Alafu tumia "vous" siku zote, "tu" ni ya marafiki na watoto. Ukiwa Paris au Brussels hayo ya papa na maman yaache uwanja wa ndege.

Kifungulio changu cha kila siku ni hiki: "Excusez-moi, avant de payer, je voudrais savoir..." (ekskize-mwa, avang' de peye, zhe vudre savwar), samahani, kabla sijalipa ningependa kujua. Hilo "avant de payer" lina kazi. Linamwambia mtu kwamba hela bado iko kwako.

HATUA YA 3: Yajue majina ya makato

Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

"Frais" ni gharama au ada kwa ujumla, na huwa inavutwa na neno jingine nyuma: frais de dossier (ya kushughulikia faili lako, mikopo, viza, pango), frais de retrait (ya kutolea), frais de transfert (ya kutumia), frais de livraison (ya kuletewa mzigo), frais de tenue de compte (makato ya mwezi ya akaunti). "Commission" ni asilimia ya mtu au ya ofisi, ndo iliyonila 60. Dalali wa nyumba Congo anaitwa "commissionnaire", kwahiyo ukimwona anatembea na wewe kutwa nzima anatabasamu ujue ana yake inakuja.

"Taxe" ni kodi, na kubwa yao ni TVA (te-ve-a), ndo VAT yetu. Congo ni asilimia 16, Burundi 18, Ufaransa ya kawaida ni 20, Ubelgiji 21. "Droits" (drwa) ukifungua kamusi utaambiwa ni haki, lakini kwenye karatasi ya forodha "droits de douane" sio haki zako bana, ni ushuru wa forodha. "Timbre" ni stempu ya kulipia. "Retenue" ni kitu wanachokata kabla hujapewa hela yako. "Pénalité" inajieleza. "Agios" (azhyo) ni riba ya benki pale akaunti imeenda chini ya sifuri. "Caution" na "garantie" ni amana, hela ya dhamana, hiyo swali lake ni moja tu: "c'est remboursable ?" (se rambursabl), inarudishwa?

Bandarini na mpakani kuna ukoo mzima: manutention (vibarua wa kupakia na kushusha), magasinage (mzigo kukaa ghalani), gardiennage (ulinzi), pesage (mizani), péage (barabara ya kulipia), surestaries (kontena kuchelewa, hiyo inaua), caution conteneur (amana ya kontena).

Na kuna herufi mbili na herufi tatu ambazo ukizijua umeokoa hela nyingi kuliko kitabu kizima cha Kifaransa: HT (ash-te) ni hors taxes, bei bila kodi, na TTC (te-te-se) ni toutes taxes comprises, bei na kodi zote ndani. Bei za biashara kwa biashara mara nyingi wanazitaja HT. Umeambiwa mzigo dola 2,000 ukafurahi, kumbe HT, Lubumbashi hiyo inakuwa 2,320. Hizo 320 kama ndo faida yako basi umefanya biashara ya kumfurahisha mwenzio.

Neno jingine, "franco". Ukiliona kwenye kotesheni haliongelei faranga. "Franco de port" maana yake usafiri umeshalipwa na muuzaji. Kinyume chake "départ entrepôt", unachukua mwenyewe ghalani kwake na kuanzia mlangoni gharama ni zako.

HATUA YA 4: Acha kuuliza kama kuna makato, uliza namba ya mwisho

Swali la ndiyo au hapana linakupa jibu la ndiyo au hapana, na "non" ni rahisi sana kutamka. Uliza namba. Ukiwa unalipa:

"C'est combien au total, tout compris ?" (se kombyeng' o total, tu kong'pri). Ni kiasi gani jumla, kila kitu ndani?

Ukiwa unapokea:

"Je vais recevoir combien exactement, en main ?" (zhe ve resevwar kombyeng' egzaktmang', ang' meng'). Nitapokea ngapi kamili, mkononi?

Akishataja namba usitulie, mpige na hili: "À part ça, il y a autre chose à payer ?" (a par sa, il-ya otre shoz a peye), mbali na hiyo kuna kingine cha kulipa? Alafu nyamaza. Kunyamaza ni sehemu ya swali. Mara nyingi hapo ndo unasikia "ah oui, il y a juste..." na hilo "juste" (zhist), yani "ni kidogo tu", ndo tulikuwa tunalitafuta.

Baada ya hapo unaomba mchanganuo: "Je voudrais le détail des frais, s'il vous plaît" (zhe vudre le detay de fre, sil vu ple). Na kama kuna kitu hukielewi unaonyesha kwa kidole: "C'est pour quoi, ça ?" (se pur kwa, sa). Hii fupi ni bora kuliko sentensi ndefu za kozini.

HATUA YA 5: Zisikie namba vizuri

Watu wanajifunza maswali wanasahau kwamba jibu litakuja kwa namba. Congo, Burundi na Rwanda wamerithi namba za Kibelgiji, 70 ni "septante" (septang't) na 90 ni "nonante" (nonang't). Ufaransa 70 ni "soixante-dix", sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", yani nne mara ishirini na kumi juu yake, sijui nani aliwaroga. 80 ni "quatre-vingts" kote huko nilikokutaja. Kwahiyo Mfaransa akianza kusema "soixante..." usishike 60 ukaondoka, subiri amalize.

"Deux" (de, mbili) na "douze" (duz, kumi na mbili) kwenye kelele za soko zinafanana. Na kwenye maandishi nukta na mkato vimebadilishana kazi: 1.250,00 ni elfu moja mia mbili hamsini, na 2,5 % ni mbili na nusu. Pia angalia alama ya ‰, hiyo ni "pour mille", kwa kila elfu, sio kwa mia. 5 ‰ ya dola 10,000 ni 50, ukidhani ni asilimia utadhani unaibiwa 500 utagomba bure.

Dawa ya yote: "Tapez-moi ça sur la calculatrice" (tape-mwa sa sir la kalkilatris), nipigie kwenye kalkuleta. Hakuna aibu hapo, na wenyewe wanafanya hivyo.

HATUA YA 6: Sehemu kwa sehemu

Benki. Tofautisha maneno matatu kwanza. "Virement" (virmang') ni kuhamisha akaunti kwenda akaunti, "versement" (versmang') ni kuweka keshi, "retrait" (retre) ni kutoa. Ukichanganya utaulizia makato ya kitu ambacho hufanyi.

Kwenye virement ya nje ya nchi kuna kitu kinawaumiza sana watu wetu. Dola zikitumwa kutoka benki ya Lubumbashi kuja benki ya Dar hazipandi basi zikaja moja kwa moja, kwa kawaida zinapita benki ya katikati, wanaiita "banque correspondante", na huyo wa katikati naye anakata chake. Mteja anakuapia katuma 5,000, na ni kweli katuma, wewe umepokea pungufu, na ni kweli pia, mnaanza kuitana wezi bila sababu. Kwenye fomu kuna herufi tatu za kuchagua: OUR, mtumaji anabeba makato yote, SHA, mnagawana, BEN, mpokeaji ndo anakatwa. Kifaransa wanakuuliza "les frais sont à la charge de qui ?" (le fre song'-t-a la sharzh de ki). Neno "charge" hapo ni mzigo, nani anabeba mzigo.

Kama we ndo unalipwa mwambie mteja mapema kabisa: "Je dois recevoir cinq mille dollars net, tous les frais sont à votre charge" (zhe dwa resevwar seng' mil dolar net, tu le fre song'-t-a votre sharzh). "Net" t yake inatamkwa. Alafu akishatuma: "Envoyez-moi le swift", yani nakala ya ujumbe wa benki. Ukiipata tafuta mstari wa makato (kwenye nakala za mtindo wa zamani ni 71A), pale pameandikwa nani anabeba, na ugomvi unaisha hapo hapo.

Na ukiwa unafungua akaunti, uliza "Les frais de tenue de compte, c'est combien par mois ?" (makato ya mwezi ni ngapi?) na "Et pour fermer le compte ?" (na kuifunga je?) maana wapo wanaokufungulia bure alafu wanakukata ukifunga.

Simu. Congo M-Pesa ipo, Airtel Money ipo, Orange Money ipo, kwahiyo akili ni ile ile ya "tuma na ya kutolea". Kwao ni: "Envoyez avec les frais de retrait" (ang'vwaye avek le fre de retre). Waliopitia tozo za miamala za 2021 Tanzania hawahitaji maelezo zaidi. Swali la wakala: "Pour retirer 200 dollars, vous coupez combien ?" (pur retire... vu kupe kombyeng'). "Kupe", mnakata, hiyo ni lugha ya mtaani na inaeleweka kuliko "prélever" ya vitabuni. Na ukiwa Lushi (ndo Lubumbashi hiyo) hata usisumbuke na yote hayo, sema tu "frais iko ngapi?" Kiswahili chao kimeimeza frais muda mrefu.

Kubadili hela. Wale wanaokaa pembeni ya barabara na vibunda vya faranga wanaitwa "cambistes". Wao mara nyingi hawana commission, wamejilipa ndani ya bei. Kwahiyo kumuuliza frais ni kupoteza pumzi, muulize "Votre taux est à combien aujourd'hui, à l'achat ?" (votre to e a kombyeng' ozhurdwi, a lasha), bei ya kununua dola yangu. Waulize watatu. Na noti, jamani noti. Congo dola iliyochanika hata kidogo au ya zamani inakataliwa, au anaikubali kwa kuikata, na noti ndogo ndogo pia anaweza kukupa bei ya chini. Mwonyeshe kabla: "Vous prenez ces billets au même taux ?" (vu prene se biye o mem to), unazichukua hizi noti kwa bei ile ile? Mi siku hizi natoka Dar na noti zimenyooka kama nimezipiga pasi.

Kununua mzigo. Usinunue kwa mdomo. Omba "un devis" (eng' devi), yani kotesheni, au "facture proforma", alafu uliza mfululizo: "C'est HT ou TTC ? L'emballage est compris ? La livraison est comprise ? Jusqu'où ?" Yani bei ni bila kodi au na kodi, kufungasha kumo, kuletewa kumo, mpaka wapi? Hiyo ya mwisho, "zhisku", watu wanaisahau. Kuna livraison ya mpaka mlangoni na kuna ya mpaka stendi ya malori, na kati ya hizo mbili kuna manutention mara mbili.

Ukiambiwa utangulize hela, sikiliza neno. Ufaransa kisheria "acompte" na "arrhes" (aar) ni vitu viwili: arrhes ukighairi umeziacha na muuzaji akighairi anakurudishia mara mbili, acompte ni mkataba umeshafunga, ukighairi unaweza kudaiwa zaidi ya ulichotoa. Congo watu mtaani wanasema "avance" kwa kila kitu, kwahiyo andikisheni kwenye karatasi nini kinatokea mtu akighairi.

Forodha. Njia ya wengi kutoka Dar ni Tunduma, Nakonde, unakata Zambia yote unatokea Kasumbalesa. Pale utakuwa na "déclarant" au "transitaire", ndo wakala wako wa kuklia. Ofisi utakazosikia ni DGDA ya forodha na OCC ya ukaguzi wa ubora. Hapa ndo pa kutenganisha hela ya serikali na hela ya watu. Mwambie wakala: "Séparez-moi les droits officiels et vos honoraires" (separe-mwa le drwa ofisyel e vo zonorer), nitenganishie ushuru wa serikali na malipo yako. Akikupa namba moja kubwa imefungwa pamoja, ujue humo ndani kuna nyumba inajengwa. Ushuru wa forodha una karatasi yake inaitwa "bulletin de liquidation", na ukilipa unadai "la quittance", stakabadhi ya malipo. Swali fupi linalofanya maajabu: "Je paie à la banque ou ici ?" (zhe pey a la bang'k u isi). Jibu likiwa "ici", hapa hapa, kwa keshi, uliza tena "il y a une quittance pour ça ?" na uangalie sura.

Kuna zile ndogo ambazo hazina karatasi wala hazitakuja kuwa nayo. "Et le café ?", "donnez le transport", "un sucré" (soda), au lile la wenyewe, "matabiche". Mtu anaomba chai. Siwezi kukuambia ufanye nini, mi huwa nacheka nasema "demain, papa" (kesho) naendelea kutembea, mara nyingine inafanya kazi mara nyingine natoa soda kweli, ya kunywa, ya baridi. Ila usikubali aichanganye na ushuru. Akisema "c'est obligatoire", muulize kwa upole "c'est écrit où ?" (se ekri u), imeandikwa wapi?

Mkopo. Mawili tu. "Le taux, c'est par mois ou par an ?" maana asilimia 4 kwa mwezi na asilimia 4 kwa mwaka ni mbingu na ardhi. Na "À la fin, j'aurai remboursé combien en tout ?" (a la feng', zhore ramburse kombyeng' ang' tu), mwisho wa yote nitakuwa nimerudisha ngapi? Usisahau frais de dossier, maana wanaweza kuikata kwenye mkopo wenyewe, umeomba 1,000 umepewa 970 riba inahesabiwa kwenye 1,000.

Mlioko Ufaransa. Benki ikikukata "commission d'intervention" kila ukizidisha matumizi, sheria imeweka kikomo, euro 8 kwa tukio moja na 80 kwa mwezi. Kila Januari benki lazima ikutumie "relevé annuel de frais", jumla ya makato yote ya mwaka, usiitupe na matangazo. Kwenye pango, ada ya ofisi ya nyumba kwa mpangaji ina kikomo kwa mita ya mraba tangu 2014, kwahiyo mwambie "Détaillez-moi les honoraires à la charge du locataire" (nichanganulie ada anayobeba mpangaji) na uone anavyokaa sawa kwenye kiti.

HATUA YA 7: Wakiibua kitu katikati

Umeshakubaliana, mzigo uko juu ya lori, dereva anasema kuna 80 ya kushusha. Sauti usipandishe, ukipandisha Kifaransa chako kinakimbia, changu kilikimbia mara nyingi. Anza chini:

"On avait dit 400, tout compris" (on' ave di katr sang', tu kong'pri). Tulisema 400 kila kitu ndani.

"Ce n'était pas sur le devis" (se nete pa sir le devi). Haikuwepo kwenye kotesheni. Hapo unatoa simu unamwonyesha.

"Personne ne m'a prévenu" (person ne ma previni). Hakuna aliyeniambia mapema.

Akiendelea: "Je peux parler au responsable ?" (naweza kuongea na mkubwa wako?) Na silaha ya mwisho, uitumie kama kweli uko tayari: "Dans ce cas, j'annule" (dang' se ka, zhanil), basi naghairi. Ukisema hivyo huku mkono unaelekea mfukoni kutoa hela, umejiumbua.

Kama ni kweli gharama ni halali na mlisahau wote, gawaneni: "On partage, moitié-moitié" (ong' partazh, mwatye mwatye). Mi mteja wangu wa Likasi tumegawana hivyo mara mbili na biashara inaendelea.

HATUA YA 8: Iandike, hata kama mmeelewana

"Vous pouvez me l'écrire ?" (vu puve me lekrir), unaweza kuniandikia? Na kila hela ikitoka: "Un reçu, s'il vous plaît" (eng' resi, sil vu ple). Kwa wanaofanya kazi kwa WhatsApp, meseji yangu ndo hii, kopi badilisha vitu vyako:

Bonjour Monsieur. Avant de payer, je voudrais confirmer le montant total, tout compris : marchandise, TVA, emballage, manutention, transport et frais de banque. Les frais de virement sont à la charge de qui ? Y aura-t-il autre chose à payer à l'arrivée ? Merci de me confirmer par écrit.

Maana yake: kabla sijalipa nataka kuthibitisha jumla yote, mzigo, kodi, kufungasha, vibarua, usafiri na makato ya benki, makato ya kutuma hela anabeba nani, kuna kingine cha kulipa mzigo ukifika, nithibitishie kwa maandishi. Ukimwandikia mwanamke weka Madame.

Akikujibu kwa voisi nouti ya dakika 3, msikilize, mshukuru, alafu mwandikie wewe: "Donc, si j'ai bien compris, c'est 2.320 dollars TTC, livré au dépôt, rien d'autre à payer. C'est bien ça ?" (kama nimeelewa vizuri ni 2.320 na kodi ndani, imeletwa ghalani, hakuna kingine cha kulipa, ndo hivyo?) Akirudisha "oui" moja tu, hiyo oui piga picha ya skrini. Nilirudi kwenye ile agence miaka miwili baadaye, dogo bado yupo dirishani, kanenepa. Nikamwambia "bonjour papa, pour envoyer 2,000, je vous donne combien en tout, tout compris, et il reçoit combien là-bas ?" Yani kutuma 2,000 nikupe ngapi jumla na yeye apokee ngapi huko. Akaniangalia akakumbuka, akavuta kalkuleta, akapiga 2,050. Ishirini na tano kwa kila elfu. Nikamuuliza mbona safari hii imeshuka, akasema "papa, umeuliza muzuri".